Yakobo kwa Mjomba Wake

Jumatatu, 6 Machi 1911
Mvua tangu alfajiri. Wanafunzi wangu tisa, watu wazima wanaosomea ualimu wa dini, wanakariri. Mtihani Alhamisi. Nimechoka na kazi ya kufuga kasuku. Nikafunga katekisimu, nikawasomea Yakobo alivyomkimbia Esau akaenda kwa Labani. Kosmasi wa Mgeta akaruka: "Mwalimu, kumbe Labani ni mjomba wake! Basi hakukimbia huyu, alikwenda kwao." Darasa zima likaamka. Huku Uluguru shamba ni la ukoo wa mama, na mtu hurithi kwa mjomba wake. Wote wakamlaumu Isaka, baba yake Yakobo, kwa kujitia kugawa urithi.

Jumanne, 7 Machi
Nilichora safari ya Yakobo ubaoni. Tukahesabu miaka aliyomtumikia Labani. Kosmasi akauliza kwa nini watu wa Yakobo wafuate ukoo wa baba na sisi wa mama. Sijui. Nikamwambia sijui. Tukabishana mpaka kengele ya chakula. Sijapata kufundisha hivi.

Alhamisi, 9 Machi
Mtihani. Padre wa misheni yetu alimuuliza Kosmasi nani mwenye haki ya urithi wa Isaka, Esau au Yakobo. "Hakuna, Padre. Urithi wao uko kwa Labani." Akafelishwa papo hapo. Mengine yote alijibu bila kukosea. Mwenye akili kuliko wote!

Ijumaa, 10 Machi
Nilimwendea Padre. Nikasema mwalimu wa dini asiyejua nchi, hesabu wala desturi za watu atamfundisha nani? Akasema kazi yangu ni imani, si baraza la wazee. Upuuzi! Nyuma yake kabati limejaa vitabu vya nyota, mimea, falme za Warumi. Aliwahi kuniambia mwenyewe kwamba alisomeshwa hayo yote kabla ya upadre. Yeye asome dunia nzima, sisi tukariri. Nilitoka bila kuaga.

Jumamosi, 11 Machi
Karatasi ya matokeo ilitaka saini yangu. Jina la Kosmasi limekatwa. Nisiposaini, nihame nyumba ya misheni. Nina watoto wanne.
Nilisaini. Najichukia.
Jioni Kosmasi alikuja na mzigo wake kichwani. "Shikamoo, mwalimu. Nakwenda." Akanishukuru. Bora angenitukana.

Jumatatu, 13 Machi
Jua. Wanane waliofaulu wanaendelea mpaka Pasaka. Wamejibu kila swali kwa sauti moja. Padre alisimama mlangoni kidogo, akaridhika, akaenda zake. Alipokwisha kuondoka nikawaambia mwenye swali aulize.
Wakainamia madaftari yao. Nikangoja. Hakuna aliyeuliza.