Pampu Iliungua Nikiwa Mazikoni

Jumatano. Jua la leo limeamka na hasira na upepo wa baharini haukuonekana kabisa. Maji ya bwawa yamekuwa rangi ya mlenda.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu ninayeweza kumwambia, hata mke wangu.

Mimi ndiye mtunza bwawa la kuogelea. Nyumba hii ilikuwa ya meneja wa shirika la mkonge. Shirika lilipokufa, akainunua tajiri wa Dar anayeleta redio na majokofu kutoka Dubai. Meneja akaondoka, mimi nikabaki na bwawa, na chumba cha uani ninachoishi na Mwanaidi. Ana mimba ya miezi saba. Bwawa likifa, chumba hatuna.

Jumapili alifariki jirani yetu, mume wa Bi Zuhura. Mabomba ya mtaa wetu wa Nguvumali yalikuwa makavu siku ya tano. Msiba utafanywaje bila maji? Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, pampu imenyamaza, nikafungua geti. Wanawake wakachota ndoo kwa ndoo: ya kuoshea maiti, ya kutawadhia, ya kupikia wageni. Nilifurahi, sikatai. Siku hiyo nilijiona mtu.

Kisha nikafuata jeneza. Swichi sikuizima.

Umeme ulirudi tukiwa makaburini. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mdomo wa kunyonyea, pampu ikanyonya hewa tupu kwa zaidi ya saa nzima. Niliporudi nilipokewa na harufu ya plastiki iliyoungua. Nikabadilisha fyuzi, nikasafisha kichujio, nikajaribu kuizungusha mota kwa koleo. Inanguruma tu, haizunguki.

Jana nikamleta Fundi Kombo, Mpemba mwenye karakana Ngamiani. Akaifungua, akanusa, akanitazama.

"Hii haikupigwa na umeme, bwana. Hii imekunywa hewa. Tuitie sili na panga jipya la kusukumia maji, itafanya kazi."

Vipuri siku hizi vipo, si kama ile miaka ya foleni za sabuni. Siku mbili tu, alisema.

Leo asubuhi tajiri akafika bila taarifa. Akasimama ukingoni, akauliza bwawa limepatwa na nini.

"Shikamoo, mzee. Ni umeme, mzee. Ulirudi kwa kishindo, ukaipiga pampu."

Kombo alikuwa pembeni yangu, lile panga la pampu lililoyeyuka likiwa mkononi mwake. Aliinamisha macho, akalificha mgongoni. Nimemtia mtu mwadilifu katika uongo wangu, na naona haya.

Tajiri hakukasirika. Bora angekasirika.

"Basi umeme huu utaniulia pampu kila mwezi," alisema. "Kesho naleta kifusi, lifukiwe, nijenge stoo. Bakari, chumba nikipate mwisho wa mwezi, nimweke mlinzi."

Nilidanganya ili nisipoteze chumba, na uongo wenyewe ndio ulionipotezea.

Alasiri akaja dada yake Bi Zuhura na sahani ya wali, maana mwenyewe yuko edani, hatoki. "Zuhura anasema maji yale hatayasahau. Mungu akulipe." Mwanaidi alikula huku akinisifu. Mimi nikamsogezea sahani yote.

Sijamwambia kuhusu chumba. Amekaa uani anashona nguo za mtoto.

Lori la kifusi linakuja kesho saa mbili. Tajiri amelala hoteli ya mjini. Nikitoka saa kumi na mbili nitamkuta kabla hajanywa chai. Nikimwambia kweli, pampu inatengenezeka na huenda bwawa likapona. Huenda pia akanitoa kesho hiyohiyo, mimi niliyegawa maji yake na kumwunguzia pampu. Nikinyamaza, Mwanaidi atajifungulia nyumba ya watu.

Shati nimeshalipiga pasi. Mdomo ndio sina hakika nao.