Onyo Ambalo Sikuliandika

Jumapili, 1 Februari

Vyombo vimeoshwa. Ua umefagiwa. Mama bado yuko kanisani. Naandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Onyo lilitolewa. Nililisikia. Sikuliandika.

Mimi ni mwandishi wa chumba cha maombi tangu mwaka jana. Kila Jumatano waombezi wanakusanyika, Mama Shalote anashukiwa na Roho, anasema anachoona. Akimaliza hakumbuki hata neno. Wengine wote wanaomba kwa sauti kubwa, hawawezi kumsikia. Kwa hiyo mtu mmoja anakaa karibu na mdomo wake na kaye, daftari la chumba, anaandika. Walinichagua kwa sababu mwandiko wangu ni safi na siongei.

Jumatano moja mwanzoni mwa Januari Mama alipeleka jina la kaka yangu mkubwa, Yaya Plamedi. Plamedi alitaka kurudi Kambove kwenye mashimo ya shaba. Mama Shalote alisema mambo mawili. La kwanza: "Naona shimo, mayi inapanda. Kijana asishuke mpaka mwezi iishe." La pili: "Amani, musiogope."

Niliandika la pili tu.

Siku nane baadaye mvua ilijaza shimo na ukuta ukamwangukia. Wenzake walimtoa akiwa hai. Hospitalini walimkata mguu wa kushoto juu ya goti. Sasa yuko nyumbani, kitandani.

Jumanne, 3 Februari

Sababu. Nataka kuiandika bila kujipamba.

Siku ile mvua ilikuwa inapiga bati. Nilifunua kurasa za nyuma. Tangu mvua zianze, Mama Shalote alikuwa ameona maji mara sita. Hata muuza mikate wa mtaa wa Panda aliambiwa asishuke shimoni, mtu ambaye maisha yake yote hajashuka popote. Nikafikiri: mama huyu anasikia bati, si Mungu.

Tena Plamedi alikuwa amekwisha kuzuiwa mara mbili na kaye. Kasongo, mwenzake wa kuchimba, alikuwa anapita mlangoni akipiga kelele: "Plamedi! Kaye imekupatia ruhusa ya kuenda ku choo?" Plamedi alicheka naye. Nilimwona uso baada ya Kasongo kuondoka. Hakuwa anacheka.

Nilimhurumia. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine: nilijiona nina akili kuliko chumba kizima.

Jumatano, 4 Februari

Shuleni, somo la dini. Mwalimu alisema Mungu kujua jambo si sawa na kulisukuma litokee. Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika. Nilitaka kuuliza: kama alijua kwamba nitaliacha, kwa nini alisemea kwenye sikio langu? Chumba cha maombi kilikuwa na watu kumi na wawili. Sikunyoosha mkono. Sijawahi kunyoosha mkono.

Jina Plamedi ni maneno ya Kifaransa yaliyokatwa na kuunganishwa: mpango wa ajabu wa Mungu. Kila mgeni anayekuja kumwona anasema, "Mungu alishapanga." Wanakula bukari yetu, wanasema tena, wanakwenda. Sijui kama Mungu alipanga mguu. Najua nani aliliacha onyo. Nikiitikia "alishapanga", ninanawa mikono kwa jina lake.

Katika Maandiko kuna mlinzi anayeona hatari na kunyamaza. Nimeuruka ukurasa huo mara tatu.

Leo sikwenda chumba cha maombi. Nilisema tumbo linauma.

Ijumaa, 6 Februari

Wamekuja. Pasta, mzee mmoja wa kanisa, Mama Shalote. Kaye mkononi mwa Pasta.

Alisoma ukurasa wetu kwa sauti. Kisha akasema Mungu huwaonya watoto wake kabla ya mabaya, ndiyo desturi yake. Hapa hakuonya. Basi kuna kitu kilimfunga mdomo. Alimtazama Plamedi kitandani. "Mwana wangu, dhambi ya siri ni kama maji ndani ya shimo. Itoe." Jumapili abebwe mbele ya kanisa, atubu.

Plamedi alitazama kisiki cha mguu wake.

Mlangoni Mama Shalote alinigeukia. "Mutoto yetu, uliandika yote?"

"Ndiyo, Mama."

Hakuna aliyenishika ulimi. Hakuna mvua juu ya bati. Mara hii nilikuwa huru kabisa, na nilidanganya.

Jumamosi, 7 Februari

Asubuhi Plamedi aliniita muloko, mdogo wake, kama zamani. Alikuwa ameegemea ukuta, amenyoa ndevu.

"Muloko, kamata biki. Minye nitasema, weye andika. Kesho nitasoma."

Nikaandika. Alivunja kioo cha jirani akamsingizia mtoto mwingine. Alimtukana Baba siku Baba anaondoka kwenda Kolwezi. Msichana mmoja wa Kambove, mara mbili. Alisinzia kwenye mkesha.

"Andika tena: nilienda kwa mufumu anipe dawa ya kuona mawe."

"Ulienda?"

"Hapana. Lakini ile ingine yote ni ya mutoto. Banataka kubwa."

Sikuandika. Akaniuliza kama biki imeisha wino.

Nikamwambia asiseme uongo mbele ya kanisa. Akacheka kidogo, bila furaha. "Sikia, Muloko. Mungu alinyamaza. Ao minye niko mubaya, ao haniangarie. Afazali nikuwe mubaya."

Niliweka biki chini. Nikamwambia yote. Maneno ya Mama Shalote kama alivyoyasema. Muuza mikate. Bati. Kasongo. Nilisema haraka, nikitazama sakafu, kwa sababu kama ningemtazama ningenyamaza.

Nje jirani alikuwa anatwanga majani ya sombe. Nilihesabu mapigo ya mchi. Nilifika arobaini na kitu.

"Singeshuka," alisema.

Nilijua. Alikuwa anaitii kaye siku zote.

Kisha akasema, "Kumbe alisema." Akarudia. "Kumbe alinisemea." Akaanza kulia, mdomo wazi kama mtoto. Sijui kilio kile kilikuwa cha nini. Nadhani kilikuwa vyote viwili: Mungu hakumwacha, na dada yake alimwacha. Nilimgusa bega.

"Toka."

Nikatoka.

Jumapili, 8 Februari

Nilimwambia Mama alfajiri akiwa anafunga kitenge. Mikono yake ilisimama kwenye fundo. Hakunipiga. Alisema, "Vala viatu, twende." Njiani alitembea mbele.

Nilisimama mahali ambapo Plamedi angebebwa. Nilianza kwa sauti ndogo. Mtu wa nyuma akasema, "Pandisha sauti, mutoto!" Nikaanza upya. Nilisema maneno niliyoyasikia, na kwamba niliyaacha kwa kusudi, na kwamba Ijumaa nilipoulizwa nilidanganya. Nikasema Yaya Plamedi hakufunga mdomo wa mtu.

Mama Shalote aliweka mikono kichwani. Pasta alifungua kaye, akaipekua kana kwamba mstari ungejitokeza. Mwishowe akasema, "Wapendwa, hata hii Mungu alishapanga." Watu wakaanza kusema amina.

"Hapana," nilisema. "Ni mimi."

Sijui nilipata wapi neno hilo. Pasta akanionyesha benchi, nikaketi. Kaye amepewa mtu mwingine.

Mama hakurudi nami.

Jumatatu, 9 Februari

Mpaka sasa sijui kama ile sauti ilikuwa ya Mungu au ya bati. Plamedi anaamini ilikuwa ya Mungu. Simbishii. Nilisikia onyo, sikulipeleka. Hilo ndilo ninalolijua, na halipungui kwa kulifikiria.

Nimeomba kwa ufupi. Bwana, siku ile hukunishika mkono uandike. Sikulaumu. Leo pia usiushike. Lakini usiondoke.

Mama alikwenda sokoni Kikula mapema. Niliweka uji karibu na kitanda. Plamedi hakunitazama. Hajasema nami tangu Jumamosi. Nilivaa sare, nikafunga vitabu.

Nikiwa mlangoni nilisikia kitanda kinalia. Alikuwa amekaa ukingoni, mguu mmoja chini, anatazama upande wa choo. Aliyekuwepo nyumbani ni mimi tu. Alisubiri. Nilisubiri. Kisha akanyoosha mkono, bado anatazama pembeni.

Niliweka vitabu chini nikaingia chini ya kwapa lake. Ni mzito. Tulivuka ua polepole, tukapumzika kwenye kamba ya nguo, tukaendelea. Nilisubiri nje, nikamrudisha, nikamfunika.

Nilifika shule nimechelewa. Nilisimama nje ya mlango na wengine waliochelewa mpaka saa ya pili ya masomo, kisha nikaingia.