Kinachoshika Nyota za Pembeni

Nyakasimbi, Karagwe
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu mpendwa Placidius,

Shikamoo. Natumaini mko wazima huko Kamuli, na goti la wifi Xaveria limepata nafuu. Sisi hatujambo, Mungu anatulinda. Mvua imenyesha na kahawa imetoa maua.

Kaka, nakuandikia kwa ajili ya mpwa wako Ainembabazi. Kwenye simu nakuogopa, naishia kuitikia tu. Ulisema asiende ng'ambo kusomea nyota mpaka uje mwenyewe, na kwamba ukija utamzuia, maana wanaochunguza mwanzo wa mbingu hurudi hawashiki tena rozari. Nami niliogopa hivyo hivyo. Mtoto ninaye mmoja.

Sasa, Alhamisi tulikuwa kwa jirani Avelina, tunakamua ndizi za sherehe ya kipaimara. Avelina akamtania, eti msomi mzima apande ndege kwenda kuhesabu vimulimuli, hapa kwetu vimekwisha? Ainembabazi akacheka, akakoroga juisi ndani ya mtumbwi wa kukamulia, akatuambia tutazame povu linavyozunguka na kujikusanya. Akasema galaksi, yaani yale makundi makubwa mno ya nyota, zilianza na gesi iliyotawanyika gizani. Uzito wake wenyewe ukaivuta pamoja. Kadiri ilivyosogea katikati ikazidi kuzunguka kasi, ikalala bapa kama chapati, na nyota zikawaka humo. Ila akasema povu ni mfano tu, kwani kule hakuna mkono unaokoroga.

Hapo nikaacha kukamua. Nikamuuliza kama hayo ndiyo waliyomfundisha, kwamba hakuna mkono. Avelina akajifanya anatafuta nyasi za kukamulia.

Mtoto hakukasirika. Alisema yeye anasomea namna vitu vinavyokwenda, na aliyeviumba anamwomba kila asubuhi. Kisha akaniambia kwamba nyota za pembeni mwa galaksi hukimbia mno, zilipaswa kutupwa nje, lakini kuna kitu kisichoonekana kinachozishika. Nikauliza ni kitu gani. Akasema hajui, walimu wake pia hawajui, na ndicho anachotaka kwenda kukitafuta. Kaka, mimi ni wa darasa la saba, lakini mtu wa majivuno namjua akifungua tu mdomo. Kwa mwanangu sikuyasikia.

Sasa lile lililonikalisha kuandika. Sikukungoja. Jana alfajiri nilimsindikiza stendi ya Kayanga, nikamchora msalaba kwenye paji la uso, nikamwambia aende. Ameondoka, kwa ruhusa yangu mimi mama yake.

Kama ni hasira, nimwagie mimi. Yeye yuko Dar es Salaam, ndege yake ni Ijumaa, na simu yake inapatikana. Anakuogopa kama ninavyokuogopa, hawezi kuanza yeye. Tafadhali mpigie, umbariki kama mjomba wake, apande ndege akijua nyumbani hajafungiwa mlango.

Wasalimie wifi na watoto wote. Mungu awalinde hapo nyumbani, na huyu wetu aliye njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Joanitha