Nani Alimwambia Mwalimu Habari za Pamba Yetu?

Jumatano, mwezi wa saba. Jua kali, upepo wa vumbi, na moyo wangu haujatulia tangu kipindi cha Kiswahili.

Mwalimu alitusomea hadithi fupi aliyoiandika mwenyewe. Binti wa kidato cha tatu anatumwa na baba yake anyunyizie pamba maji ili iwe nzito mzanini. "Pamba ikanywa kama ng'ombe aliyetoka machungani," alisoma. "Mzani ukacheka." Tukaambiwa tutafute tashbiha na tashihisi, kisha tueleze ni wapi binti anauacha utoto.

Tashbiha niliiona upesi. Nilichokuwa natafuta ni mtu aliyenichongea.

Maana binti huyo ni mimi. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuja kwetu Dutwa na magari yao, kila mmoja akigombania mzigo bila kuukagua, baba hunituma nilete ndoo ya maji niimwagie pamba yetu, na mchanga kidogo. Siri hiyo nilimwambia mtu mmoja tu, Kabula, ninayekaa naye dawati moja.

Nikamnunia mpaka kengele ya mwisho. Tulipotoka nikambana kwenye baiskeli, nikamwambia kweli kikulacho ki nguoni mwako. Macho yakamjaa machozi.

"Mimi nilidhani wewe ulituchungulia," akasema, "ukamwambia mwalimu ya kwetu."

Niliona aibu. Kumbe darasa zima lilikuwa limeinamisha vichwa kwa siri hiyo hiyo, nami nilidhani wenzangu wanatafuta tashihisi. Tulikokota baiskeli hadi njia panda.

Jioni, jua likiwa bado juu, baba akanionyesha ndoo. Kesho gari la mnunuzi linapita. Nikamwambia simwagi tena.

Baba huniita Mayu, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. Hajawahi kunipandishia sauti, na leo pia hakupandisha.

"Mayu, nani kakufundisha hayo?"

Nikaketi chini. Akaniangalia kwa shaka ile ile niliyomwangalia nayo Kabula, kama mtu aliyegundua kuna mgeni ndani ya nyumba yake. Ningemtaja mwalimu, angekwenda shuleni kesho hiyo hiyo.

Akainama, akabeba ndoo mwenyewe. Mgongo unamsumbua tangu palizi. Nilimwonea huruma.

Sikuinuka.

Asubuhi ni lazima nipige magoti nimsalimie. Sijui ataitikiaje.