Meli Iliyokimbizwa Ije Kungoja

Sur, Jumanne, mkesha wa Idi

Eti, "Mwambie nahodha akaze mwendo, dizeli ishuke kabla ya Idi." Maneno ya bosi wangu, Sheikh Nasser, wiki iliyopita. Nikaandika faksi, nikatia sahihi yangu.

Basi meli imekaza. Imechoma mafuta ili kuwahisha mafuta. Asubuhi imetia nanga, na ghala letu limefungwa, wafanyakazi wote wamekwenda makwao. Sheikh mwenyewe yuko kwao Manah.

Nikampigia simu, shikamoo.

"Marhaba, mwanangu. Mwambie asubiri. Mbuzi wetu wa shuwa anaingia shimoni kuokwa kesho, hafukuliwi mpaka siku ya tatu."

Kumbe ratiba ya meli anaipanga mbuzi!

Kila siku ya kungoja wenye meli watatutoza, na Sheikh atauliza nani aliyeandika ile faksi. Naogopa, sikatai.

Alasiri nahodha akaniita redioni, sauti imechoka. "Bibi, sasa mlinikimbizia nini?"

Nikamwambia avumilie, hakuna mtu ofisini.

Sikumwambia kwamba ufunguo wa ofisi ninao mimi mkononi, na gari la kwenda kwetu Ibra linanipigia honi mlangoni.