Neno Nililomwambia Mutheu

Jumatatu, 3 Machi

Vitanda ishirini na nane, wauguzi wawili. Kitanda cha sita kidonda hakinuki sana kama jana. Kitanda cha tisa amekataa chakula tena. Chai nimeinywa saa tisa alasiri, imeshapoa.

Hapo kwenye chai ndipo Atieno, mwenzangu wa zamu, alipotoa simu. Picha ya Wambui. Amesimama mbele ya geti jeupe kule Muthangari, na kibao juu yake: kliniki ya vidonda. Sare ya buluu aliyojichagulia mwenyewe, si hii yetu iliyochujuka. Atieno akasema huyu msichana amejipanga. Nikasema ndiyo, amejipanga. Nikamrudishia simu haraka kama imenichoma.

Tuliajiriwa hapa wiki moja, mimi na Wambui. Mimi nilikuwa na miaka minne ya kazi kwingine, yeye ametoka chuoni juzi. Ni mimi niliyemfundisha kwamba kidonda husomwa kwa pua kabla ya macho. Mwaka jana akaandika barua ya kuacha kazi, aende kufungua kliniki yake mwenyewe. Moyoni nilimcheka. Nilimpa miezi mitatu tu, kisha angerudi.

Nina wivu. Wacha niandike hivyo hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya mapumziko. Badala ya kulala nilienda Muthangari. Sikumwambia mtu.

Nilisimama ng'ambo ya barabara kwa muuza miche, nikajifanya nachagua waridi. Baada ya muda Wambui akatoka, anamsindikiza mama mzee mwenye fimbo. Kamba ya kiatu cha yule mama ilikuwa imefunguka. Wambui akapiga magoti akaifunga. Taratibu. Wakacheka jambo fulani, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumaliza kicheko.

Si geti lililoniuma. Wala si sare. Ni huo muda. Mimi nikisimama kwa mgonjwa mmoja dakika tano, wawili wengine wananiita.

Muuza miche aliniuliza mara ya tatu nataka rangi gani. Nikaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu Kiilu ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari, kidonda chini ya kidole gumba cha mguu. Alifundisha Kiswahili maisha yake yote huko Mwala, na wiki tatu alizolala hapa amewasahihisha madaktari wote. Nampenda. Anaishi na binti yake Mutheu, hapo hapo mtaa wa Jamhuri ninapoishi, ingawa tumejuana wodini tu.

Mutheu alinivuta kando mlangoni. "Sista Ndinda, kuna mtu ameniambia kuhusu kliniki ya Sista Wambui. Si alikuwa huku na nyinyi? Nimpeleke baba?"

Kile kidonda kilihitaji mtu wa kukifungua na kukisafisha kila baada ya siku mbili. Mtu anayejua. Nilijua hivyo. Nikasema, "Mimi singempeleka. Yule alitoka hapa kabla hajaiva. Kifungeni tu nyumbani, mngoje kliniki yetu baada ya wiki mbili."

"Sawa, sista. Wewe ndiye unajua."

Uongo mtupu. Niliusikia ukitoka na sikuurudisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefua. Nimepika. Sikufikiria lolote.

Si kweli.

Jumanne, 11 Machi

Wambui amepiga simu. Sauti ile ile, ya kuanza na kucheka. Wagonjwa wamemzidi. Ana siku anaamka na hofu kwamba hakuna atakayekuja, kisha wanakuja kumi. Anatafuta muuguzi wa kushirikiana naye. "Dada, sitaki mwingine. Wewe ndiye ulinifundisha hii kazi. Kuja tuifanye pamoja."

Nilikasirika. Mtu ananiheshimu namna hiyo na mimi nakasirika! Nilichosikia ni kwamba mwanafunzi wangu anataka kuniajiri. Nikamwambia nitafikiria. Akauliza habari za wodi, nikasema niko na mgonjwa. Nilikuwa nimekaa kitandani kwangu, miguu juu.

Sikumtaja Mwalimu Kiilu. Ingechukua sentensi moja.

Jumatatu, 17 Machi

Namba ya Mutheu iko kwenye faili. Nimelitoa faili kabatini, nikalirudisha. Nikimpigia nitasema nini? Kwamba Wambui ameiva ghafla?

Huenda mguu uko sawa. Vingine hupona vyenyewe.

Ijumaa, 21 Machi

Harufu niliipata nikiwa bado kwenye korido.

Vidole viwili vimekuwa vyeusi. Uvimbe umepanda hadi kwenye kifundo. Mwalimu ana homa, na hakumsahihisha mtu. Daktari ametazama mara moja tu, akasema ni kukata, kesho asubuhi, na tuombe iishie kwenye vidole.

Mutheu alikuwa ameshika kofia ya baba yake kwa mikono miwili. "Tulingoja, sista. Vile ulituambia." Hakunilaumu. Alikuwa ananipa ripoti, kama mtu aliyefuata maagizo vizuri na sasa anataka kujua alikosea wapi.

Nilienda kwenye stoo ya mashuka. Nikafunga mlango.

Jumatatu, 24 Machi

Wamekata nusu ya mbele ya unyayo. Kisigino kimebaki. Atatembea, daktari anasema, ila si kama zamani.

Leo nimemwambia Mutheu. Nilimpeleka kwenye benchi nje ya wodi na nikasema bila kuzunguka: nilikudanganya kuhusu Wambui. Hakuna anayefunga kidonda vizuri kuliko yeye. Ungempeleka baba siku ile, huenda vidole vingekuwepo.

Akauliza, "Kwa nini?"

"Wivu."

Nilidhani atapiga kelele. Nilitamani apige. Akainuka, akatembea hadi mwisho wa korido, akasimama dirishani, akarudi. "Niandikie namba yake. Na usimguse baba tena."

Nikaandika. Nikabadilishana vitanda na Atieno, ili amhudumie yeye. Kisha nikaenda kwa matroni nikamweleza yote, naye akaandika, kalamu yake ikikwaruza karatasi. Hakuniuliza ninajisikiaje. Ni haki yake.

Jumanne, 25 Machi

Nimempigia Wambui. Nilitaka asikie kwangu kwanza. Nikamweleza yote. Nilisikia mtu nyuma yake akiuliza bandeji ziko wapi.

"Wamlete," akasema. "Siku yoyote." Kisha, "Hiyo mambo ya kufanya kazi pamoja, Ndinda, tuiwache."

Sijazoea aniite Ndinda. Miaka yote hii nilikuwa dada.

Na hata hapo, simu ikiwa bado mkononi, kitu kiliniuma tena. Yeye ndiye atakayeuponya ule mguu. Ni roho gani hii? Nimemharibia mtu mguu, na bado namwonea kijicho atakayeutibu.

Alhamisi, 3 Aprili

Barua ya onyo imefika. Nimetia sahihi. Pia nitafanya mafunzo upya, ya kutoa ushauri kwa wagonjwa wanaoruhusiwa. Wasichana wa miaka ishirini na tatu watakuwa wamekaa kando yangu.

Atieno hanitazami sana. Tunafanya kazi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Nilitoka kununua mkate, ikanikuta nje, nikakimbilia kwenye baraza la duka. Mwalimu Kiilu alikuwa hapo kwenye benchi, magongo mawili kando yake. Mguu umefungwa vizuri, umekauka. Nilitaka kurudi mvuani.

"Ndinda," akasema.

Nikamsalimu. Nikaanza kusema yale niliyokuwa nimeyapanga kwa mwezi mzima, na hayakutoka kwa mpangilio. Akainua mkono.

"Mutheu aliniambia. Yote."

Hakusema amenisamehe. Sikuuliza. Alitazama maji yakishuka kutoka paani, kisha akayachukua magongo yake, moja baada ya jingine, akayaegemeza ukutani upande wa pili. Benchi likabaki na nafasi.

Nikaketi.

"Ikiendelea hivi," akasema, "Mwala mwaka huu watavuna."

Nikasema ndiyo, watavuna. Tukakaa.