Meli ya Vibarua

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya kukaza meno.

Mlima umejifunika mawingu tangu alfajiri, hautaki kuonana na mtu. Nauelewa kabisa. Na mimi ningekuwa na blanketi la ukubwa ule, leo ningejifunika mpaka Krismasi.

Shajara, wewe unanijua. Mimi ndiye Deo wa Rau, fundi simu, mtaalamu wa utalii, mshauri wa safari za kimataifa. Hicho cheo cha mwisho nilijipa mwenyewe Jumatatu. Kufikia Alhamisi jioni kilikuwa kimeshanivuka kichwa na kunining'inia shingoni kama tai.

Na tai ndiyo iliyoanzisha yote haya.

Iko hivi. Dada Flaviana, binti wa Baba Mkubwa Aloyce wa kule Masama, ni nesi Italia. Ameamua kuwapa wazazi wake zawadi: wakapande meli. Siyo ya kuvuka kwenda Zanzibar ukatapika ukafika, hapana. Meli ya starehe. Ghorofa inayoelea. Unalala humo, unakula humo, unaamka uko nchi nyingine na hujabeba hata begi. Wazee wale wamezaa, wamelea, wamepalilia migomba maisha yao yote, na hawajawahi kusafiri pamoja zaidi ya harusi za Arusha. Mama Mkubwa Filomena alipopata habari aliitangaza kwenye jumuiya kabla sala haijaisha.

Baba Mkubwa yeye alikubali kwa sharti moja tu. "Nisivalishwe tai," alisema. "Shingo yangu si ya mbuzi."

Basi Flaviana akatuma majina ya kampuni tatu za meli, kila moja na ukurasa wake wa mtandaoni, akasema wazee wachague ipi inawafaa watu wazima wasiopenda makuu. Akataka jibu kabla ya leo jioni, maana likizo yake inapangwa na nafasi zinaisha. Kurasa zote Kiingereza kitupu. Nani katika ukoo huu anajua Kiingereza na yuko karibu?

Nilinyoosha mkono kabla sijaulizwa.

Kiukweli, Kiingereza changu sikukipata darasani. Darasani kilinipita kama pikipiki kwenye vumbi. Kidato cha pili nilikirudia, kidato cha nne kikanirudisha nyumbani. Mimi Kiingereza nimekipata mlimani, enzi nabeba mizigo ya watalii. Kule unajifunza ya muhimu: maji, choo, nimechoka, bado mbali? Nilipoteremka nikawa najiona nimehitimu.

Nikakaa kibandani kwangu, nikafunga kazi, nikasoma zile kampuni kwa macho yangu mwenyewe. Majina yake siyataji humu, maana moja lenyewe siwezi hata kulitamka. Nilizibatiza.

Ya kwanza niliiita Meli ya Tai. Nzuri mpaka inatia hasira. Taa kama madhabahu, ngazi za marumaru, mtu anapiga kinanda ukiwa unakula. Lakini kuna usiku maalumu ambapo wanaume wote ni suti na tai, na meza unapangiwa, na mbele ya sahani wamepanga uma nyingi utadhani wanauza. Baba Mkubwa hapo angeshuka katikati ya bahari. Nikaikata.

Ya pili, Meli ya Watoto. Hiyo ni Sabasaba inayoelea. Bembea, mateleza ya maji, katuni zinatembea na kukumbatia watu, watoto wanapiga kelele kuanzia jua linapochomoza. Halafu wanajisifu wana ukuta wa kupanda kwa kamba. Aisee, mtu wa Masama apandishwe ukuta? Ana mlima mzima nyuma ya choo chake na hajawahi kuupanda. Nikaikata nayo.

Ikabaki ya tatu. Ndogo, tulivu, watoto hawaruhusiwi, kila unachokula na kunywa kimo ndani ya nauli. Nikaanza kutabasamu. Halafu nikaliona neno.

Casual.

Limeandikwa kila mahali. Chakula casual. Jioni casual. Hali ya hewa ya ndani ya meli yenyewe, casual.

Sasa mtu wa Masaki, kule Dar, anaweza asielewe uzito wa jambo hili, lakini huku kwetu hata mtoto anajua casual ni nini. Casual ni kibarua wa kutwa. Ni yule anayeamkia kwenye geti la shamba la kahawa au la kiwanda, ananyooshewa kidole, anafanya kazi mpaka jioni, kesho anaanza upya. Kuna mageti hapa Moshi yameandikwa kwa rangi nyekundu: hakuna nafasi za casual.

Moyo ukanidunda kwa furaha. Nimewakamata! Ndiyo maana meli hii ina nafuu kuliko zile mbili. Abiria wanasafiri kama vibarua! Nikasoma upya nikiwa na jicho la mpelelezi. Chakula casual: makande. Jioni casual: zamu ya usiku, labda kuosha sufuria. Halafu nikafika pale wanaposema ukumbi mkubwa wa chakula ni kwa smart casual. Hapo hata sikuhitaji kamusi. Smart ni mwerevu. Kibarua mwerevu ni nani? Nyapara! Yaani wanyapara wanakula ukumbini, vibarua wengine wanakula huko huko jikoni.

Nilijipongeza kwa soda.

Alhamisi nikapanda Masama kutoa ripoti. Shati nimechomekea, simu mkononi. Mama Mkubwa alikuwa anamenya ndizi za mtori, Baba Mkubwa anatengeneza mpini wa jembe. Nikawaamkia, shikamoo zikapokelewa, nikaanza.

Meli ya Tai walicheka. Meli ya Watoto walicheka zaidi. Ya tatu nilipotaja kwamba ni ya watu wazima tu, Mama Mkubwa akafanya ishara ya msalaba na kisu mkononi.

"Watu wazima tu? Kama kile kibanda cha video cha pale sokoni?"

"Hapana, Mama Mkubwa. Maana yake hawapandi na watoto."

"Aa! Basi hiyo hiyo." Wajukuu wake sita walikuwa nyuma ya nyumba wanamfukuza kuku. "Andika hiyo, baba, andika upesi."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza.

Mimi nikakohoa kama wakili, nikawafichulia. Nikawaeleza casual ya chakula, casual ya jioni, na wanyapara ukumbini. Nilieleza vizuri mno, Shajara. Nilitumia mikono. Niliongeza hata nyapara mwenyewe, nikamvisha kofia.

Baba Mkubwa akaweka mpini chini.

Kitu nilichokuwa nakijua na nikakisahau kwa ajili ya kiherehere ni hiki: Baba Mkubwa amewahi kuwa casual. Ujanani, kabla hajapewa kihamba chake, shamba la ukoo la migomba na kahawa, alikuwa akiteremka na giza kwenda kusimama kwenye geti la shamba kubwa la kahawa. Nyapara anapita na kidole: wewe, wewe, na wewe, wengine rudini. Siku nyingi yeye alikuwa wengine. Siku aliyopata migomba yake alisema hatasimama tena mahali mtu anamchagua kwa kidole. Na kahawa ya kihamba hicho hicho ndiyo iliyomsomesha Flaviana.

"Mtoto wangu mwenyewe," akasema polepole, "ananitafutia kibarua baharini?"

Akachukua simu yake, akaizima. Akaingia ndani.

Mama Mkubwa aliendelea kumenya ndizi, akamenya, akamenya, mpaka ndizi za mtori zikawa za kulisha kipaimara. Kwenye kamba ya nguo nyuma yake kilikuwa kinaning'inia kitenge kipya, kimeshonwa gauni, kina maua ya bluu. Lilikuwa la melini.

Niliteremka Rau nikiwa sijisikii mshauri wa chochote.

Ijumaa nzima Flaviana anapiga, baba hapatikani. Jana akanipigia mimi.

"Deo, umemwambia nini baba?"

Nikamweleza. Kwa kujiamini bado, maana nilikuwa na ushahidi. Nilipofika kwa wanyapara nikasikia mtu anacheka mpaka anaita wenzake. Nilicheka na mimi kidogo, kwa adabu, bila kujua tunacheka nini.

Alipopata pumzi akaniambia. Casual ile ni ya mavazi na mwenendo. Maana yake vaa unavyotaka, hata kandambili. Kula saa unayotaka, kaa na unayemtaka, hakuna anayekupangia. Na smart casual? Shati safi na suruali. Bila tai.

Bila tai, Shajara! Meli nzima imetengenezwa kwa ajili ya shingo ya Baba Mkubwa, na mimi nimeigeuza shamba la mkonge.

"Rekebisha kabla ya Jumapili jioni," akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Mimi baba yangu hajawahi kunizimia simu."

Mama yangu aliposikia hakunipa pole. Alinipa neno moja: sale. Kwa wasiotoka huku, sale ni yale majani marefu tunayopandia mipaka ya vihamba. Lakini ukimkosea mtu ukampelekea jani la sale, hana ujanja, lazima akusamehe, hata kama ana panga mkononi. Halina rufaa.

Kwa hiyo leo baada ya misa nikapanda tena. Manyunyu, tope, viatu vya misa. Nikiwa nimekaribia kabisa nikagundua sale sikuibeba. Niliiacha mezani. Basi pale pale kwenye mpaka nikachuma jani moja zuri, nikalifuta na shati, nikaingia nimelishika kwa mikono miwili kama mtumishi wa altare.

Baba Mkubwa alikuwa barazani. Alilitazama jani. Akaangalia kule kwenye mpaka, pale lilipotoka, utomvu bado haujakauka. Akanirudia mimi.

"Deogratias. Umekuja kuniomba msamaha kwa jani langu mwenyewe?"

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Jibu."

"La nyumbani nimelisahau. Ila kosa nimekuja nalo lote."

Mama Mkubwa akatoa sauti mlangoni, sijui kikohozi, sijui kicheko. Nikaona mdomo wa mzee unapambana na masharubu. Nikatumia nafasi hiyo hiyo kueleza yote: kwamba mjinga ni mimi, kwamba casual yao si casual yetu, kwamba Flaviana alimtafutia meli isiyo na tai kwa sababu alisikia neno lake. Nilieleza bila mikono safari hii.

Akakaa na lile jani. Akawasha simu, akampigia mwanawe kwa spika.

Flaviana alipokea kabla haijaita vizuri. Mzee hakusalimia, hakupoteza muda. Aliuliza swali moja tu.

"Mama, huko melini kuna mtu anasimama mlangoni anachagua watu kwa kidole?"

"Baba," Flaviana akasema, "huko kidole ni chako. Vyakula vimepangwa, wewe unapita tu unanyoosha: hiki, hiki, na hiki. Vingine vinabaki."

Baba Mkubwa akageuza uso kuangalia migomba. Aliangalia migomba muda mrefu, na migomba yenyewe haikuwa inafanya chochote. Halafu akasema, "Muulize mama yako kama gauni limekauka," na Mama Mkubwa akapiga kigelegele kilichosikika mpaka ng'ambo ya mto. Nafasi zikakatwa hapo hapo, tumesimama wote tunaichungulia simu. Wanaondoka mwezi wa tisa. Mzee ataenda na kandambili zake, na nimeshaapishwa kumnunulia mpya, za ngozi, maana eti za plastiki zinateleza kwenye sakafu ya meli.

Nikaaga. Nikadhani nimeshinda. Nilikuwa nimeshaanza hata kutunga namna ya kuwasimulia vijana wa Rau jinsi nilivyofanikisha safari.

"Deo," akaniita. "Sale nimeipokea. Nimekusamehe. Lakini kahawa imeiva."

"Naona, Baba Mkubwa. Imependeza."

"Kesho kukipambazuka usimame pale kwenye mpaka, ulipochuma jani langu. Nitapita na kidole."

"Tutakuwa wangapi?"

"Wewe."

Kwa hiyo sasa niko kitandani nikiandika huku nimevaa soksi mbili mbili. Ndoo nimeshaiazima. Chakula cha mchana Mama Mkubwa ameshanitajia, amesema atanipikia kulingana na cheo: makande.

Kesho mimi ni casual. Nikijitahidi sana, labda jioni nitakuwa smart.